Kabla ya Kuifuata Bahari: Utalala Wapi, Utakula Wapi

Barabara ya pwani ina upande mmoja tu. Upande huu kuna miji, vijiji na njia za mkato, upande ule ni maji. Ukiwa bara na ukakosa chumba, unaweza kukata kushoto, kulia, kuendelea mbele au kurudi ulikotoka. Pwani nusu ya chaguo hizo imemezwa na bahari, na pale milima iliposhuka hadi majini, hata hiyo nusu iliyobaki hakuna. Ndiyo maana kosa dogo la kupanga, ambalo kwingine lingekula dakika 20 zako, huku linaweza kukulaza ndani ya gari.

Kwa hiyo anza na vitanda. Najua wengi huanza na picha za sahani za samaki, kisha wakatafuta malazi jirani na sahani hizo, lakini mchana ukikuta mgahawa umefungwa unasonga mbele na njaa kidogo, basi. Usiku ukikosa kitanda, mbele kuna giza tu. Weka nafasi za kulala mapema, usiku kwa usiku, halafu mchana uuache wazi, ule popote macho na pua vitakapokuvuta.

Vituo hivyo vya usiku usivipime kwa kilomita. Barabara inayofuata ufuo hupinda kila ghuba na kupunguza mwendo kila kijiji, na wewe mwenyewe utasimama mara kumi kupiga picha. Great Ocean Road ya Australia, iliyochongwa na wanajeshi waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, kati ya 1919 na 1932, ina urefu wa takriban kilomita 240. Kwenye barabara kuu ya bara hizo ni saa tatu hivi. Kule ukizimaliza kwa siku moja, utakuwa umeona lami zaidi ya bahari. Kanuni yangu ni kuchukua muda ambao ramani ya simu inanipa, kisha kuongeza nusu yake. Mwongozo wa madereva wa Uingereza unashauri kupumzika angalau dakika 15 kila baada ya saa mbili za kuendesha. Ukiweka na mapumziko hayo kwenye hesabu, utaona kwamba siku ya starehe kando ya bahari haina zaidi ya saa nne za usukani.

Lengo liwe kuingia unapolala saa moja kabla ya jua kuzama. Malazi mengi ya pwani hayako barabarani. Kuna kibao kidogo, njia ya mchanga, lango ambalo halina taa, na vyote hivyo mchana huviona hata bila kutafuta. Mara ya kwanza nilipoidharau hesabu hii nilifika saa tatu na nusu usiku. Mlinzi alitoka na tochi, akatafuta ufunguo kwenye kopo la rangi, akatuonyesha chumba. Jikoni sufuria zilikuwa zimeoshwa na kupinduliwa, moto umezimwa, mpishi kaondoka na baiskeli yake tangu saa mbili. Kutoka nje kutafuta chakula kulimaanisha kuirudia ile njia ya mchanga gizani. Tukala biskuti zilizokuwa juu ya dashibodi tangu asubuhi. Joto lilikuwa limeyeyusha krimu yake mpaka pakiti nzima ikawa tofali moja, na tuliimega kwa kisu. Chumba kilikuwa kizuri, na bahari ilisikika dirishani. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kuisikiliza.

Tangu siku ile, ninapopiga simu kuweka nafasi, swali langu la kwanza ni jiko linafungwa saa ngapi. La pili ni lango. Nasema kupiga simu kwa makusudi: programu za kuweka nafasi ni nzuri kwa kulinganisha, lakini sauti ya mtu wa mapokezi inakueleza ambayo programu haijui, kwamba wiki hiyo kuna harusi, kwamba bwawa liko kwenye matengenezo, au kwamba pampu ya maji imeharibika. Simu ikiita siku mbili bila kupokelewa, hilo nalo ni jibu.

Lugha ya matangazo ya malazi isomwe kwa uangalifu. "Mandhari ya bahari" haina maana kwamba uko ufukweni. Inaweza kuwa chumba cha ghorofa ya nne, mtaa wa tatu kutoka majini, na bahari unaiona ukisimama kwenye kona ya roshani. "Mita 200 kutoka ufukweni" mara nyingi imepimwa anavyoruka ndege. Wewe unayetembea kwa miguu na mtoto mgongoni unaweza kukuta kati yako na mchanga kuna barabara kuu, au genge la mwamba lenye ngazi mia. Fungua picha za setilaiti ujionee mwenyewe. Kisha uliza mambo ambayo picha hazionyeshi: maji ya bomba ni matamu au ya chumvi, umeme ukikatika kuna jenereta, gari linalala ndani ya uzio au barabarani, vyandarua vipo, na muziki wa baa ya jirani unazimwa saa ngapi. Anayesafiri na gari la umeme aongeze swali la mahali pa kuchaji, na asiridhike na "ndiyo" tupu. Soketi moja ya ukutani kwa wageni kumi ni foleni ya usiku kucha.

Msimu ni habari nyingine. Kwenye visiwa vingi vya Ugiriki sehemu kubwa ya hoteli na migahawa hufungwa majira ya baridi, na mji uliouona kwenye picha ukiwa umefurika unaukuta umelala. Kinyume chake kipo Scotland. Njia ya North Coast 500, iliyoanza kutangazwa kwa jina hilo 2015, inazunguka zaidi ya kilomita 800 za kaskazini ambako vijiji ni vidogo na sehemu nyingi barabara inatosha gari moja tu, ukikutana na mwenzako mmoja anasubiri kwenye upenyo. Wageni wa kiangazi ni wengi kuliko vitanda. Msafiri anayejiambia "tutapata tu mbele ya safari" atapata Novemba, Julai ni bahati nasibu.

Halafu ichunguze barabara yenyewe. Pwani za majabali zina tabia ya kuporomoka. Februari 2017, daraja la Pfeiffer Canyon kwenye Highway 1 ya California liliharibika mpaka likafungwa na kubomolewa. Mei mwaka huohuo mlima ukashuka mahali paitwapo Mud Creek na kuifukia barabara. Daraja jipya lilifunguliwa Oktoba 2017, ile sehemu iliyofukiwa ikasubiri mpaka Julai 2018. Katikati ya miezi hiyo kipande cha Big Sur, eneo la pwani hiyo, kiligeuka kisiwa: hoteli zipo na bahari ipo, ila kufika ni kwa kuzunguka mbali. Iceland nako, Julai 2011, mafuriko yalizoa daraja la mto Múlakvísl na kuikata barabara inayoizunguka nchi nzima. Kwa hiyo wiki moja kabla ya kuondoka, na tena asubuhi ya safari, angalia taarifa za mamlaka ya barabara ya eneo husika. Na unapoweka nafasi, jua kila malazi yako yako upande gani wa daraja au genge linalojulikana kwa matatizo. Masharti ya kurudishiwa fedha yasome kabla hujalipa, maana chumba kilichoko ng'ambo ya maporomoko bado utadaiwa ikiwa ulichagua bei nafuu isiyorudishwa. Mimi kwa usiku unaofuata kipande kibaya cha njia hulipa kidogo zaidi ili niweze kughairi. Kwa usiku mwingine nabana matumizi.

Kuna vizuizi vya kibinadamu pia. Pwani ya Amalfi, Italia, tangu 2022 ina utaratibu wa msimu wa watalii ambapo magari yenye namba zinazoishia kwa shufwa na yale ya witiri hupishana siku, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni. Ukiwa na gari la kukodi ambalo namba yake utaijua siku ya kulichukua, waulize wenye hoteli mapema wageni wao wanaruhusiwa vipi.

Sasa maji kupwa na kujaa. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa, lakini mgeni kutoka bara hupanga kana kwamba bahari imetulia mahali pamoja. Sehemu nyingi hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele takriban dakika 50 kila siku. Ufuo uliouogelea Jumatatu saa nne, Ijumaa saa hiyohiyo unaweza kuwa tope na mawe. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo meza za mgahawa zilizopangwa mchangani huhamishwa, na njia za chini hufunikwa. Kuna malazi ambayo hayafikiki bila kuisoma ratiba hii. Barabara ya kwenda kisiwa cha Lindisfarne, Uingereza, hufunikwa na bahari mara mbili kwa siku, na kila mara wapo wanaodhani gari lao litawahi. Ufaransa kuna Passage du Gois, zaidi ya kilomita 4 za njia inayoelekea kisiwa cha Noirmoutier, ambayo maji yakijaa inatoweka kabisa. Huko angalau kuna daraja la kuzungukia. Ukipanga kulala mahali pa namna hii, saa ya kuwasili huichagui wewe, na chakula cha jioni kipangwe kulingana na maji.

Tukija kwenye chakula, ushauri wangu ni mchana ule vizuri na usiku ule karibu. Mlo mkubwa uwe wa mchana, wakati samaki wa alfajiri bado ni wabichi na una nafasi ya kuchagua kati ya sehemu mbili tatu. Jioni kula unapolala, au umbali wa kutembea kwa miguu. Kama wasafiri wenzako wanapenda kinywaji, hili si la kujadili.

Mwelekeo wa safari nao una neno lake. Nchi zinazoendesha kulia, ukiwa na bahari mkono wa kulia unaingia kwenye vioski na migahawa ya ufukweni bila kukatisha mbele ya magari yanayokuja. Ndiyo sababu wengi huishuka Highway 1 kutoka kaskazini kwenda kusini. Zinazoendesha kushoto, bahari iwe kushoto. Kama safari yako ni ya kuzunguka na kurudi, jambo hili dogo linakuamulia uanzie wapi.

Usiulize "mna samaki?" Uliza "leo kimeingia nini?" Upepo ukivuma siku mbili mashua hazitoki, na samaki utakayeletewa ametoka kwenye friza. Si dhambi, ila ulipe ukijua. Ukiruhusiwa kumwona kabla hajapikwa, tazama jicho: liwe limejaa na linang'aa, si jeupe lililozama. Matamvua yawe mekundu. Bonyeza nyama kwa kidole, inapaswa kurudi. Harufu iwe ya bahari. Ukimnusa ukasita, muage kwa heshima.

Kuna madhara ambayo moto hauyaondoi, na hapa watu hudanganyana kwamba "kikiiva kimepona." Jodari na vibua waliokaa juani hujenga kemikali iitwayo histamini, ambayo hukuacha umewiva uso na moyo unadunda, hata kama waliungua jikoni. Samaki wakubwa wawindaji wa miamba ya bahari ya joto, kama mzia, mkunga na chewa mkubwa, wanaweza kubeba sumu ya siguatera. Midomo huwasha na kufa ganzi, na kitu baridi ukikigusa unahisi kinaunguza. Kome na chaza nao hukusanya sumu za mwani mdogo mno wa majini, kwa hiyo mamlaka ya eneo ikitangaza kwamba wasivunwe, usimsikilize muuzaji anayesema wake ni salama. Mwenye mzio wa kamba na kaa aandike jambo hilo kwenye karatasi kwa lugha ya wenyeji, aikabidhi jikoni, na aulize mafuta ya kukaangia. Viazi vilivyokaangwa kwenye mafuta ya kamba vina kamba.

Kwa safari ya familia, kiboksi cha baridi ni bima nzuri kuliko orodha ya migahawa 30. Vijidudu huzaana kwa kasi kati ya nyuzi 4 na 60 za Selsiasi. Chakula kilichopikwa kisikae humo zaidi ya saa mbili, na hali ya hewa ikizidi nyuzi 32, saa moja tu. Gari lililoegeshwa juani hufika huko upesi sana. Beba barafu, maji ya kunywa ya siku nzima, na mlo mmoja wa akiba usiohitaji jiko.

Yaliyobaki ni ya haraka. Pakua ramani za kutumia bila intaneti, kwa sababu chini ya magenge mtandao hupotea. Namba na maelekezo ya kila malazi yaandike kwenye karatasi. Beba fedha taslimu, jaza mafuta yakifika nusu, na mtu mmoja nyumbani awe na orodha ya mahali unapolala kila usiku. Na biskuti usisahau. Zangu siku hizi hazina krimu, na haziwekwi kwenye dashibodi.