Kabla hujauza kampuni yako, ijue Jumatatu yako

Wiki ya tatu baada ya kuuza kiwanda changu cha unga, nilipita pale kuchukua miwani niliyoisahau kwenye droo. Getini nilimkuta mlinzi mgeni. Akaandika jina langu kwenye daftari la wageni, akafika kwenye safu ya mwisho, akainua uso: "Mzee, una miadi na nani?" Nikakosa jibu. Ndani mashine zilikuwa zinanguruma, na kwa mlio tu nilijua mkanda wa kinu cha pili umelegea. Hakukuwa na wa kumwambia.

Wakati wa kuuza, mwanasheria alinieleza habari za hisa na mhasibu akanieleza habari za kodi. Habari za Jumatatu ya kwanza baada ya kusaini, hakuna aliyenieleza. Kwa hiyo naanza na swali ambalo wao hawatakuuliza: unauza kwa nini?

Wengi wetu tunauza kwa kuchoka. Miaka kumi na minne niliamka alfajiri kupokea malori ya mahindi kutoka Kibaigwa, mchana nikagombana na umeme, jioni nikawafuata wenye maduka waliochukua unga kwa mali kauli. Ukichoka hivyo, mnunuzi yeyote mwenye tai anaonekana malaika. Lakini uchovu una dawa ndogo kuliko kuuza. Mteue msaidizi, mkabidhi funguo na madaraka ya kusaini, kisha ondoka siku thelathini. Usipige simu hata ya kusalimia. Ukirudi na hamu ya kazi, basi ulichokuwa unakihitaji ni meneja. Ukirudi huna hamu, uza kwa amani, na bei itakuwa nzuri zaidi, maana mnunuzi mwenye akili hulipa vizuri kwa biashara isiyolala kitandani siku mwenyewe anapougua. Mimi zoezi hili nililiruka. Nilikuwa na haraka ya kupumzika.

Na wala usidhani ni suala la ukubwa wa hela. Markus Persson, Mswidi aliyebuni mchezo wa Minecraft, yeye na wenzake waliiuza kampuni yao ya Mojang kwa Microsoft mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5. Akanunua jumba Beverly Hills kwa dola milioni 70. Kufikia Agosti 2015 alikuwa anaandika hadharani kwenye Twitter kuhusu upweke na kukosa sababu ya kujituma. Ukimsoma una njaa utamcheka. Mimi nilimsoma nikiwa nimekaa sebuleni saa nne asubuhi, sikucheka.

La pili, jiulize kama lazima uuze yote. Kule Kenya, Paul Kinuthia, mwanzilishi wa Interconsumer Products, alipofanya biashara na L'Oréal, kampuni ya vipodozi ya Ufaransa, mwaka 2013 aliwauzia upande wa vipodozi, zikiwemo bidhaa za Nice & Lovely, si kampuni nzima. Mimi ningeweza kubaki na pumba. Naona unatabasamu, lakini wafugaji wa kuku wa mtaa mzima walikuwa wananijua kwa jina, na pumba ingenipa mahali pa kwenda na watu wa kubishana nao bei.

Hapo ndipo tunafika kwenye kifungu cha kutoshindana. Changu kinanizuia miaka mitatu kusaga au kuuza unga ndani ya Dar es Salaam na Pwani. Nilikisaini huku nikinywa chai. Wewe kisome kama mtu anayesoma kalenda yake mwenyewe: kazi pekee unayoijua vizuri inafungiwa kabatini na ufunguo anaondoka nao mwingine. Bishania muda, bishania eneo, na hakikisha imeandikwa wazi kwamba kufundisha na kushauri unaruhusiwa. Na kama sehemu ya malipo itakuja baadaye kwa sharti kwamba ubaki kazini mwaka au miwili, uliza mapema ni nani atakuwa na neno la mwisho. Kukaa kwenye ofisi uliyoijenga, ukiomba ruhusa ya kununua mkanda wa kinu, ni adhabu.

Ya fedha nayapitia haraka. Muone mhasibu kabla hamjakubaliana bei. Kenya, kwa mfano, kodi ya faida ya mauzo ya rasilimali ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 kuanzia Januari 2023, na tofauti hiyo ni nyumba ya mtu. Sehemu kubwa ifungie mahali pagumu kufikika kwa hasira au kwa huruma. Hatifungani za serikali, yaani hela unayoikopesha serikali, hulipa riba kila baada ya miezi sita, na hiyo inatosha kukutuliza mwaka wa kwanza. Andaa pia jibu la ndugu, maana habari za mauzo hufika kijijini kabla hela haijafika benki.

Nyumbani nako kuna kampuni nyingine, na mkurugenzi wake si wewe. Sebule yetu kila Jumanne asubuhi ni ya kikoba cha mke wangu. Sikulijua hilo miaka yote. Mwezi wa kwanza nilipanga upya kabati la jikoni kama ghala, vizito chini, vyepesi juu. Mama Neema akanitazama. "Baba Neema, leo tena huna pa kwenda?" Mazungumzo hayo yafanyeni kabla ya kusaini, mkiwa bado mnacheka.

La mwisho ndilo lililonitoa jasho: tafuta mahali utakapohitajika, na uanze kwenda huko miezi sita kabla ya kuuza, wakati bado una shughuli nyingi. Mimi nilianza kwa kuchelewa. Nilikwenda SIDO, shirika la serikali la kuendeleza viwanda vidogo, kuuliza kama kuna wasindikaji wachanga wanaotaka mtu wa kuwaelekeza, nikakutanishwa na binti anayesaga unga lishe. Unga wake ulikuwa unavunda dukani kabla ya mwezi, na alishabadilisha mifuko mara mbili. Nikachota mahindi kwenye gunia, nikauma punje moja. Haikulia kama punje kavu. Kiwango cha unyevu kinachokubalika ni asilimia 13.5, na yale yalikuwa mabichi kwa mbali. Nikamwambia aume na yeye. Tulikaa pale tukiuma punje, gunia moja baada ya jingine, mpaka akaweza kuzitofautisha bila kuniangalia usoni.

Sasa nakwenda kila Jumatatu. Yuko Morogoro, napanda basi la kwanza. Kibaha pangekuwa karibu zaidi, ila Kibaha ni Pwani.