Kumpeleka mgonjwa India: viza ya matibabu kwa mtandao, hatua kwa hatua

Nina steshenari Dar es Salaam. Asubuhi tunatoa kopi za mitihani na kuprinti kadi za harusi. Jioni, watu wakitoka makazini, huanza kuingia wale wenye bahasha za kaki za hospitali. Salamu ikishajibiwa hufuata neno lile lile: "Kaka, nijazie viza ya India, mgonjwa wangu asafiri wiki hii." Fomu ya India naijaza kwa saa moja. Kinachokula siku ni karatasi zinazotangulia fomu, na hasa majina yaliyoandikwa kwenye karatasi hizo. Basi tutaanzia huko.

Naandika kwa ajili ya mgonjwa anayetoka Tanzania na anayejilipia mwenyewe au kwa mchango wa ukoo. Wenzetu wa Kenya na Uganda wanaombea kwenye tovuti hiyo hiyo, fomu ile ile. Mkitaka serikali igharamie, hiyo ni njia nyingine inayopita Wizara ya Afya, na sitaigusa hapa.

Hatua ya 1: Muulizeni daktari kama safari ni lazima

Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inafanya upasuaji ambao zamani ulitaka kupanda ndege. Nimeshaona familia iliyouza kiwanja kabla ya kuuliza swali hili. Daktari akisema nendeni, ombeni muhtasari wa ugonjwa ulioandikwa kwa Kiingereza, wenye sahihi na muhuri. Huo ndio mtakaoutuma India.

Hatua ya 2: Pasipoti

Kila msafiri awe na yake, hata mtoto mchanga, maana aliyeandikwa kwenye pasipoti ya mzazi hapewi viza ya mtandao. Siku ya kufika India iwe na uhai wa miezi 6 au zaidi, na kurasa 2 tupu. Hati ya dharura haifai. Asiye na pasipoti aanzie kwenye tovuti ya Uhamiaji akiwa na namba ya NIDA, na atenge Sh 150,000.

Hatua ya 3: Barua ya hospitali ya India

Kazi yote iko hapa. Hospitali kubwa za Chennai, Delhi, Mumbai na kwingineko zina idara ya wagonjwa wa kimataifa. Waandikieni barua pepe wenyewe, mkiambatisha muhtasari wa daktari, majibu ya vipimo na kurasa za pasipoti za mgonjwa na wasindikizaji. Waandikieni hospitali mbili au tatu. Watarudisha maoni ya daktari, makadirio ya gharama na idadi ya siku. Mkishachagua, ombeni barua ya mwaliko kwa ajili ya viza.

Madalali wapo, tena wengi, na baadhi wanasaidia kweli. Lakini dalali analipwa na mtu, na aghalabu kamisheni yake mtaikuta imekaa ndani ya bili yenu. Mkimtumia, makadirio yatoke hospitalini moja kwa moja, kwenye karatasi yao.

Barua ikifika msishangilie kwanza. Kaeni chini, pasipoti mkono huu, barua mkono ule, msome herufi kwa herufi. Iwe kwenye karatasi rasmi ya hospitali. Iwe na jina la mgonjwa na namba ya pasipoti, ugonjwa, tarehe ya kuonana na daktari au kulazwa, muda unaokadiriwa, majina ya wasindikizaji na namba zao, sahihi na muhuri.

Mwaka mmoja aliletwa kwangu mama mtu mzima, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Pasipoti ilisema Mwanahamisi. Cheti cha hospitali ya hapa kilisema Mwanahamis, na hospitali ya India, iliyonakili kutoka kwenye cheti, ikaandika Mwana Hamis, kana kwamba Hamis ni baba yake. Nikamweleza. Akaitazama barua, akacheka kidogo: "Mwanangu, sasa huyu anayekwenda kupasuliwa ni nani?" Tuliwaandikia usiku ule ule, kesho yake mchana barua mpya ikaja. Marekebisho kama hayo ni bure na ni mepesi mkiwa bado nyumbani. Mgonjwa akishafika kaunta ya Uhamiaji wa India ni habari nyingine.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: jina ni lile la kwenye pasipoti, hata kama limekosewa, hata kama mtaani hakuna anayemwita hivyo. Cheti cha zamani kikitofautiana, mwombeni daktari aandike upya muhtasari kwa jina la pasipoti.

Hatua ya 4: Picha na skani

Fomu inataka picha ya mraba, urefu sawa na upana, ya JPEG, isiyozidi MB 1. Uso mzima uonekane, macho wazi, bila miwani, bila kivuli ukutani. Nyuma kuwe na rangi nyeupe au nyepesi. Hapa ndipo studio zetu zinapowaponza watu, kwa sababu bila kuambiwa wanawasha bluu. Sema nyeupe kabla hujakaa kwenye kiti. Mtandio si tatizo mradi uso uwe wazi toka kidevuni hadi kwenye paji.

Mgonjwa asiyeweza kuketi tunampiga akiwa amelala: shuka jeupe lililonyooshwa chini ya kichwa, simu juu yake sawasawa, taa ya chumba ikiwaka na dirisha wazi ili kivuli kisikae upande mmoja. Nimefanya hivyo mara kadhaa, zikapita.

Ukurasa wa pasipoti wenye picha uwe PDF isiyozidi KB 300. Skani, usipige kwa simu ukiwa umesimama chini ya balbu, mng'ao utafunika namba. Barua ya hospitali nayo iwe PDF.

Hatua ya 5: Kujaza fomu

Tovuti ya serikali ya India ni indianvisaonline.gov.in. Ukiitafuta kwa jina tu, zinaweza kutangulia tovuti za biashara zinazofanana nayo kwa rangi na nembo, na hizo hutoza ada yao juu ya ada. Tazama mwisho wa anwani: kama si gov.in, toka.

Chagua e-Visa, kisha e-Medical kwa mgonjwa na e-Medical Attendant kwa msindikizaji. Mgonjwa mmoja anaruhusiwa wasindikizaji wawili wa aina hii. Jaza ya mgonjwa kwanza, maana fomu ya msindikizaji inauliza habari zake. Viza ya utalii msiitumie kwa matibabu mliyokwisha kuyapanga, hata kama mtu kawaambia ni rahisi.

Ukurasa wa kwanza ukimalizika utapewa namba ya muda ya ombi. Iandike kwenye karatasi. Umeme ukikatika, hiyo ndiyo inayokurudisha ulipoishia.

Maswali yanayowakwamisha wateja wangu ni machache. Surname ni jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti, majina mengine yote yanakwenda Given Name. Wanauliza majina ya baba na mama na walikozaliwa, hata kama ni marehemu, kwa hiyo muulize mzee mapema. Wanauliza alama inayoonekana mwilini: kovu, baka, chale. Wanauliza kama wazazi au babu na bibi wana asili ya Pakistan, jibu kweli. Wanauliza nchi ulizotembelea miaka 10 iliyopita. Mwenyeji wa India ni hospitali yenyewe, weka anwani na simu zilizo kwenye barua. Wanataka pia jina la mtu wa huku nyumbani wa kuulizwa habari zako, awe ndugu anayepokea simu.

Kabla ya kulipa, nampa mtu mwingine asome fomu kwenye kioo huku mimi nikisoma pasipoti kwa sauti. Desturi hii niliilipia. Niliwahi kuandika 6 mahali pa 8 kwenye namba ya pasipoti ya mteja, nikaja kuona ada ikiwa imeshakatwa. Ombi lililolipiwa halirekebishwi na ada hairudi. Ilibidi niombe upya kwa pesa yangu.

Hatua ya 6: Kulipa na kusubiri

Malipo ni kwa kadi. Ya benki iwe imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni, la sivyo pigia benki kwanza. Kadi pepe za mitandao ya simu nazo hutumika. Malipo yakigoma usirudie papo hapo. Subiri saa chache, angalia hali ya ombi kwa namba yako, ndipo ujaribu tena.

Omba angalau siku 4 kabla ya kufika. Hicho ndicho kima cha chini, na mimi sishauri chini ya wiki 2. Mwaliko ukitoka mapema, mnaweza kuomba hadi siku 120 kabla. Idhini inakuja kwa barua pepe, lakini ingia kwenye tovuti uhakikishe imeandikwa Granted kwa kila msafiri. Msikate tiketi isiyobadilishika kabla ya neno hilo. Printi nakala mbili mbili.

Viza hii ni ya siku 60 tangu siku ya kufika, na inaruhusu kuingia mara 3.

Wa figo wasome hapa kabla ya kulipa chochote. Sheria ya India ya upandikizaji, ya mwaka 1994, inataka uhusiano wa mchangiaji na mgonjwa uthibitishwe mbele ya kamati, na ubalozi wa nchi yao utoe barua ya uthibitisho, inayoitwa Fomu 21. Andaeni vyeti vya kuzaliwa au cha ndoa, na picha za familia za zamani. Kwa kuwa shughuli ni ndefu, huwa nawaelekeza waombe viza ya kawaida ya matibabu kupitia ubalozi wa India Dar es Salaam au ubalozi mdogo Zanzibar.

Hatua ya 7: Wiki ya kuondoka

Kadi ya manjano: chanjo ya homa ya manjano huhesabiwa halali siku 10 baada ya kuchomwa, basi msingoje. Anayetoka nchi iliyo kwenye orodha yao bila kadi anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6.

Shirika la ndege lijulishwe hali ya mgonjwa. Kwa mgonjwa mahututi au wa oksijeni kuna fomu inaitwa MEDIF, daktari wake huijaza. Kiti cha magurudumu kiombwe siku ya kukata tiketi.

Kuna kadi ya kuwasili inayojazwa mtandaoni ndani ya saa 72 kabla ya kufika, ni bure. Mkibeba noti za kigeni zaidi ya dola 5,000, tangazeni forodhani India na mtunze karatasi mtakayopewa.

Kwenye begi la mkononi viwemo barua ya hospitali, viza, dawa zikiwa kwenye paketi zake pamoja na cheti cha daktari, na sidii za MRI. Mgonjwa wa saratani aliyekatwa kinyama abebe bloku na slaidi, yaani kinyama chenyewe kilivyohifadhiwa maabara, majibu ya karatasi peke yake hayatoshi. Madaktari wa kule hupenda kuzisoma wenyewe, na kuzifuata kwa DHL mgonjwa akiwa wodini ni wiki nzima na pesa ya ziada.

Hatua ya 8: Mkishafika

Uwanjani watachukua alama za vidole. Mzee ambaye vidole vyake havisomi, kwa jembe au kwa dawa, afutwe mikono kwa kitambaa chenye unyevu na asiharakishwe.

Hoteli au nyumba ya kupanga inalazimika kupeleka taarifa ya mgeni ndani ya saa 24. Wenyeji huiita Fomu C. Dai nakala yake siku ya kwanza. Matibabu yakivuka siku 60, maombi ya kuongeza muda hupelekwa mtandaoni kwa ofisi ya wageni, FRRO, na nakala hiyo mtaulizwa, pamoja na barua mpya ya hospitali. Anzeni kuiomba barua hiyo siku ya 45. Msindikizaji aombe yake pia. Wengi humwombea mgonjwa tu, wakajisahau.