Somo: Kuitembelea Prater ya Vienna kwa Miguu, Kutoka Praterstern Hadi Lusthaus

Wengi wetu tulilisikia jina Prater kwa mara ya kwanza tarehe 12 Oktoba 2019, siku ambayo Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni humo kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Bustani hiyo ilikuwa eneo la uwindaji la watawala wa Austria hadi mwaka 1766, ambapo Joseph II aliifungulia umma, na mpaka leo haina kiingilio. Unacholipia, kwa yuro, ni mchezo mmoja mmoja. Kosa la wageni ni kukaa siku nzima penye michezo, wakaondoka wakidhani wameiona Prater yote.

Hatua ya 1. Shuka kituo cha Praterstern, kinachofikiwa kwa treni za chini ya ardhi za njia ya U1 na U2. Hutahitaji ramani, kwa kuwa gurudumu kubwa litakuelekeza.

Hatua ya 2. Anza na gurudumu hilo, Riesenrad, kabla foleni haijawa ndefu. Lilijengwa mwaka 1897 na mhandisi Mwingereza Walter Bassett, na lina urefu wa mita 64.75. Kabla ya kupanda, simama chini yake uzitazame spoki: ni nyaya za chuma zilizokazwa, kama za baiskeli, wala si nguzo. Kisha hesabu mabehewa. Utapata 15, ingawa mwanzoni yalikuwa 30. Moto wa mwaka 1944 uliyateketeza, na gurudumu liliporudi kazini mwaka 1947, wahandisi walipunguza mzigo kwa kurudisha nusu tu. Zile nafasi pana kati ya behewa na behewa ndizo kovu la vita ambalo wapiga picha wengi hawalioni. Ajabu ni kwamba kibali cha kulibomoa kilikwisha kutolewa mwaka 1916, likanusurika kwa kukosekana fedha za kulibomolea.

Hatua ya 3. Pita Wurstelprater, eneo la michezo, ambalo jina lake linatokana na Hanswurst, mchekeshaji wa michezo ya kuigiza ya zamani. Michezo ina wamiliki mbalimbali, kwa hiyo soma bei dirishani kabla ya kukaa kitini. Mwenye moyo mgumu apande Praterturm, mnara wa mita 117 unaozungusha viti vilivyoning'inizwa kwa minyororo. Mimi naona michezo miwili inatosha.

Hatua ya 4. Ingia Hauptallee, barabara iliyonyooka kwa zaidi ya kilomita 4 katikati ya miti mikubwa, isiyoruhusu magari. Ukichoka, kuna Liliputbahn, treni ndogo iliyoanza mwaka 1928, inayopita juu ya reli zenye upana wa milimita 381 tu. Abiria mrefu huonekana kama ameketi juu ya sanduku lake mwenyewe. Mwisho wa barabara ni Lusthaus, jumba la zamani la wawindaji, ambalo sasa ni mkahawa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Naogopa urefu. Je, Riesenrad itanifaa?
Jibu: Huenda ikakufaa kuliko unavyodhani. Behewa limefungwa pande zote kwa kuta na madirisha, unaweza kusimama na kutembea ndani, na mwendo wake ni takriban kilomita 2.7 kwa saa, yaani polepole kuliko mtu anayetembea. Praterturm, hata hivyo, uiache.

Swali: Nitafika Januari. Nitakuta nini?
Jibu: Riesenrad huendeshwa mwaka mzima, na Hauptallee haifungwi. Michezo mingi mingine hufanya kazi kuanzia Machi hadi mwisho wa Oktoba.

Swali: Kwa nini muda wa Kipchoge haukuandikwa kuwa rekodi rasmi ya dunia?
Jibu: Kwa sababu hayakuwa mashindano ya wazi, wakimbiaji wa kumwongoza walibadilishana njiani, na vinywaji aliletewa kwa baiskeli. Ukitaka kuipima kasi yenyewe, kimbia mzunguko mmoja wa njia yake, kilomita 9.6 za kwenda na kurudi. Yeye kila mzunguko ulimchukua takriban dakika 27. Mimi nilipofikisha dakika 27 nilikuwa bado naitafuta Lusthaus kwa macho.