Kumwachia ndugu mali yako Unguja au Pemba: hati iseme nini

Unaishi Toronto au Muscat, shamba lako la mikarafuu liko Wete, kiwanja kiko Fuoni. Anayekushikia, awe kaka au shangazi, kisheria ni wakala wako. Analolifanya ndani ya mamlaka uliyompa ni kama umelifanya wewe, hata deni alilolikopa kwa kazi hiyo.

Mamlaka hayo huandikwa katika hati ya uwakala (power of attorney), na ninachokihofia zaidi ni hati pana: "asimamie mali zangu zote na afanye lolote aonalo linafaa." Usitie saini maneno hayo, hata kwa ndugu unayemwamini kabisa. Taja shamba lipi na mipaka yake, kisha kazi zenyewe: kuweka wachumaji, kupeleka karafuu ZSTC, shirika la serikali linalozinunua, kupokea malipo. Kama huuzi, iandikwe wazi kwamba hana ruhusa ya kuuza, kukodisha wala kuweka rehani. Kama unauza, weka bei ya chini kabisa na akaunti ya kupokelea fedha, iwe yako.

Saini mbele ya notari, yaani afisa wa kuthibitisha saini, au ubalozini, kisha hati isajiliwe Zanzibar, kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Usinakili fomu ya Bara: ardhi si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 1992, inayokupa haki ya matumizi tu kwa sababu ardhi yenyewe ni mali ya umma.

Wakala ana wajibu wa kukupa hesabu. Haruhusiwi kujiuzia mali yako kimyakimya, kupokea chochote cha siri kwa mnunuzi, wala kumkabidhi mwengine kazi bila idhini yako. Mwambie haya mapema, kwa heshima. Kaka mwema hatachukia.

Ukitaka kumwondoa, simu haitoshi. Mtu asiyejua kwamba umemwondoa anaweza kufanya naye biashara kwa nia njema, na ukabanwa wewe. Andika barua ya kufuta, isajili, nakala zifike kwa sheha, benki na wapangaji.

Aliyetoa hati akifariki, mamlaka ya wakala yanakwisha na yanaanza mambo ya mirathi. Kwa Waislamu, mlango ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mtoto aliyeshika hati ya marehemu baba yake, akiuza huku anajua baba keshafariki, anauza mali ya warithi wote.