Kuwakausha Mende Wachanga Jikoni

Ukitaka kupunguza mende kwa kuwanyima maji, anza kwa kuwatambua tunutu, yaani wale wachanga wasio na mabawa, kwa sababu kiu haiwaui wote kwa kasi moja. Paka mafuta ya kupikia ndani ya mdomo wa kopo, tia kipande cha mkate, uliache karibu na sinki usiku kucha. Asubuhi utazame: mweusimweusi mwenye alama nyepesi katikati ya mgongo ni mende wa Kijerumani, mwenye mikanda miwili ya rangi hafifu iliyokatiza mgongo ni mende wa mikanda, na mwekundu wa udongo, anayepanda kutoka chembani, yaani shimo la majitaka, ni wa Kimarekani, ambaye licha ya jina lake asili yake ni Afrika.

Mwili wa mende una utando wa nta unaozuia maji yasitoke. Hata hivyo tunutu, kwa udogo wake, hana akiba ya kutosha, na kila anapojivua gamba hubaki mweupe na laini kwa saa kadhaa. Mende wa Kijerumani aliyekomaa hufa kwa kiu katika wiki mbili hivi hata akiwa na chakula kikavu, na wachanga wake hutangulia. Wa Kimarekani aliyekomaa anaweza kuvuka mwezi.

Kazi ya kukausha ni ya usiku, na irudiwe kila siku kwa wiki tatu, kwani usiku mmoja wa uzembe huwanywesha wote. Ukishaosha vyombo, futa sinki kwa kitambaa kikavu, kamua dekio ulianike nje (binafsi naliona lina makosa kuliko bomba linalovuja), kisha vuta friji umwage maji ya kile kisahani cha nyuma, ambacho wengi hawajakiona tangu friji iingie nyumbani. Kwa kuwa nyumba nyingi za Dar es Salaam huweka akiba ya maji kwa siku za mgao, funika ndoo zote na uinue madumu juu ya vipande vya mbao ili sakafu ikauke. Afadhali uanze wakati wa kipupwe, maana masika hewa yenyewe hujaa unyevu na mende hustahimili kiu zaidi.

Kwa mende wa mikanda usiitegemee njia hii. Huvumilia ukavu na hukaa juu, nyuma ya picha za ukutani na ndani ya redio, hivyo mwekee chambo cha sumu. Wa Kimarekani mzibie ufa wa mfuniko wa chemba na uweke wavu kwenye tundu la maji bafuni, kwa kuwa jiko likikauka yeye huendelea kunywa huko chini.