Mche mnene wa kitunguu ndio unaokutolea maua

Kila msimu wa baridi malalamiko ni yale yale: vitunguu vilistawi vizuri, kisha vikachomoza mabua ya maua kabla havijajaa. Lawama zote huangushiwa mbegu. Mbegu mbaya ipo, lakini mara nyingi kosa limefanyika kitaluni, pale mkulima alipochagua miche minene kuliko yote akaipanda akiamini kuwa unene ni mtaji.

Kitunguu maji ni mmea wa miaka 2. Mwaka wa kwanza hujaza tunguu, wa pili hutoa maua na mbegu, na zamu hizo zinapangwa na jeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na wanasayansi wa New Zealand ulionyesha kwamba kitunguu kina jeni kadhaa za jamii iitwayo FT, kila moja na kazi yake. AcFT1 huamuru tunguu lianze kujaa. AcFT4 huizuia AcFT1 wakati mchana ni mfupi. Mchana ukirefuka, kizuizi hicho huondoka. Ya tatu ni AcFT2, ya maua, nayo huamshwa na baridi.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wanapopoteza shamba zima. Mche mchanga hupitiwa na baridi ile ile na usiitikie. Mche uliokwisha kunenepa huitikia. Ukishaitikia, ncha ya ukuaji iliyo katikati ya majani huacha kutengeneza majani na kuanza kutengeneza ua, huku kwa nje huoni tofauti yoyote. Siku unayoliona bua, uamuzi ulishapita zamani. Kulivunja hakurudishi tunguu.

Mpaka ni milimita 6. Pima shingo ya mche, juu kidogo ya pale unapovimba, usipime kwenye uvimbe wenyewe. Penseli ya kawaida ina unene wa milimita 7 hivi, kwa hiyo mche unaolingana na penseli umeshapitiliza kwa shamba linalokwenda kukutana na baridi. Chukua wa milimita 4 hadi 6, wenye urefu wa sentimita 15 hadi 20. Kwa kawaida huo ni mche wa wiki 6 hadi 8, lakini usiniletee hesabu ya wiki peke yake: kitalu kilichomwagwa mbolea ya naitrojeni na kupandwa mbegu zilizoachana sana hunenepesha miche mapema. Na tafadhali, kukata ncha za majani hakupunguzi unene wa shingo. Nashangaa jinsi dawa hiyo inavyopendwa.

Baridi yenyewe ni ipi? Ni ile ya nyuzi 5 hadi 13 za Selsiasi, hasa karibu na 10, ikidumu kwa wiki kadhaa. Usiku mmoja wa baridi kali hautoi maua. Kwa hiyo anza kuhesabu kutoka mwisho: jua baridi ya kwenu huanza lini, kisha pangilia siku ya kusia mbegu ili baridi ikiingia miche iwe bado chini ya milimita 6. Kusia mapema "ili tuwahi soko" ndiko kunakokuza miche ikaingia kwenye baridi ikiwa tayari kwa maua.

Wanaopanda vitunguu vidogo badala ya miche wana mpaka wao: kipenyo kisizidi sentimita 2. Vikubwa kuliko hapo vina akiba ya kutosha kuitikia baridi, na ukivihifadhi kwenye nyuzi 5 hadi 13 unaviamsha ghalani kabla ya kufika shambani. Baada ya kupanda, usiache mimea ikaona njaa ya naitrojeni katikati ya baridi. Njaa hiyo nayo huongeza mabua.

Miche iliyozidi kipimo itumie jikoni kama vitunguu vya majani, usiihurumie. Anayelima kwa ajili ya mbegu, bila shaka, afanye kinyume cha haya yote.

Ukifanikiwa utaona: tunguu likikomaa, shingo hulegea na majani huanguka yenyewe.

Vilivyokwisha kutoa bua ving'oe uvitumie kwanza, usivichanganye na vya kuhifadhi. Kiini chake kina bua gumu, shingo haifungi, na kuozea ghalani huanzia hapo.