Kupiga picha Grand Teton msimu wa vuli: asubuhi ya milima, jioni ya wanyama

Kama umeamua kwenda kupiga picha Grand Teton, hifadhi ya taifa ya milima kule Wyoming Marekani, kabla hujagusa mambo ya tiketi angalia kalenda kwanza, maana vuli ya kule ni fupi sana. Majani ya miti ya aspeni yanakolea manjano kwenye wiki ya mwisho ya Septemba hivi, mwaka mwingine yanawahi, mwaka mwingine yanachelewa, na upepo mkali wa usiku mmoja tu unaweza kuyaangusha yote. Uzuri ni kwamba siku hizohizo ndo madume ya elki, wale jamaa wa kulungu wenye miili mikubwa, wanagombania majike. Kwa hiyo mi nakushauri ulenge kati ya tarehe 20 Septemba na 5 Oktoba, na ukae siku tano au zaidi, maana siku mbili lazima mawingu yatakula.

Na tafadhali usichanganye na Yellowstone, hifadhi nyingine ya taifa, kwenye safari ileile fupi. Najua ziko jirani kabisa na roho inatamani, ila Yellowstone peke yake ina karibu kilomita za mraba 9,000, utashinda kwenye usukani na mwanga mzuri utakupita ukiwa barabarani. Chagua bonde moja, ulijue.

Sasa kitu ambacho ndo kinapanga siku yako yote: ukisimama bondeni, milima ya Teton iko magharibi yako na uso wake unatazama mashariki. Jua la asubuhi linaipiga usoni, jioni linazama nyuma yake inabaki kivuli tupu. Ndo maana asubuhi ni ya milima, jioni ni ya wanyama.

Mwishoni mwa Septemba jua linachomoza kama saa moja na robo asubuhi kwa saa za huko, wewe saa kumi na mbili na robo uwe umeshasimamisha tripodi, ile stendi ya kamera ya miguu mitatu. Sehemu za kuanzia ni Schwabacher Landing na Oxbow Bend, zote mbili maji ya mto Snake yametulia na mlima unajiona humo kama kwenye kioo. Bonde bado giza, ukungu unapanda kwenye maji, halafu ncha ya mlima Grand Teton wenyewe, mita 4,199, inashika rangi ya waridi peke yake na ile rangi inaanza kushuka taratibu kwenye mwamba. Hapo usihangaike kubadilisha lenzi kila saa! Dakika ni chache, anza na ya milimita 24-70 inayochukua eneo pana, halafu 70-200 inayovuta karibu, kwa kubana kilele na majani. Filta ya polaraiza inasaidia sana kuondoa mng'ao kwenye majani, ila izungushe polepole huku unaangalia maji, ukizidisha inafuta ile taswira ya mlima majini uliyoifuata.

Jioni chukua lenzi ndefu, 100-400 au 150-600. Elki utawasikia kabla hujawaona, mlio unaanza chini, unapanda mpaka unakuwa kama filimbi, mwishoni anaguna. Wanatoka msituni jua likishapungua, kwa hiyo usiogope kupandisha ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) mpaka 3200, picha yenye chembechembe ni afadhali kuliko picha iliyotikisika. Musi, yule mrefu mweusi mwenye pembe pana kama viganja, mtafute kwenye mierebi kando ya mto Gros Ventre. Nyati wa Marekani wanapenda tambarare za Antelope Flats.

Kuhusu umbali sheria haina mjadala, dubu na mbwa mwitu mita 91, wengine wote mita 23, na dume la elki msimu huu lina hasira kwelikweli. Nyoosha mkono, funga jicho moja, inua kidole gumba: kama gumba halimfuniki mnyama mzima, rudi nyuma. Na dubu kipindi hiki wanakula mchana kutwa kujiandaa na baridi, kwa hiyo nunua spreyi ya dubu, ile ya pilipili ya kumfukuza akikujia, ukishafika (kwenye ndege hairuhusiwi hata kwenye begi la chini) na uifunge kiunoni, ikiwa ndani ya begi haina msaada wowote. Droni acha nyumbani, imepigwa marufuku.

Malazi wahi. Nafasi za kambi zinafunguliwa miezi 6 kabla kwenye tovuti ya Recreation.gov, na msimu ukielekea mwisho baadhi ya kambi na hoteli zinafungwa, kwa hiyo hakiki tarehe za kufunga kabla hujalipa. Ramani pakua kwenye simu mapema, mtandao bondeni ni wa kubahatisha.

La mwisho ni baridi, watu wanalidharau. Alfajiri inaweza kushuka chini ya sifuri na betri zinakufa haraka, mi huwa naweka mbili za akiba mfuko wa ndani wa jaketi zipate joto la mwili. Ukirudi chumbani usitoe kamera, iache ndani ya begi lililofungwa kama saa moja hivi, ukiitoa kwenye joto ghafla inatoa jasho mpaka ndani ya lenzi. Toa memori kadi kabla hujaingia ndani, ili uanze kuhamisha picha wakati kamera inapata joto polepole.